Tembo wa Kale Tuliyemfunga Hogo

Vijana wangu, yavueni kwanza hayo makoti meupe mliyopewa, myatundike pale mlangoni, kisha mkae tuzungumze. Yatachafuka bure. Kazi ya kusafisha na kuunga mifupa ya kale nimeifanya tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa mpaka nilipostaafu, na katika muda wote huo sijamwona fundi hodari mwenye koti safi.

Najua na swali mlilokuja nalo, maana kila anayeingia ukumbi huu wa makumbusho huniuliza hilo hilo. Mmesoma kwenye simu zenu kwamba huko ng'ambo kuna wataalamu wanaotaka kumrudisha mamothi, yule ndovu wa manyoya wa nchi za barafu aliyetoweka zamani. Wanatafuta chembe za mwili wake katika nyama na ngozi zilizoganda ardhini, wakitumaini siku moja ndovu wa leo atawazalia mwingine wa namna ile. Nanyi mnataka kujua sisi Tanga tutamrudisha lini tembo wetu. Jibu ni kwamba baridi huhifadhi, joto la pwani hula. Tembo wetu wa kale, ambaye pembe zake zilinyooka na kimo chake kilimpita hata mamothi, hakutuachia nyama wala unywele mmoja. Alituachia mifupa. Basi sisi tunamrudisha kwa mikono, na mimi nasema afadhali. Hebu mlete mamothi na manyoya yake yale hapa Tanga mwezi wa pili! Atalala mlangoni pa kiwanda cha barafu, asitoke.

Lakini kabla sijawaambia habari za tembo, niwaambie nilivyoharibu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shemweta, Msambaa wa Mlalo, mtu mrefu na mpole, Mlutheri wa kwelikweli. Kila alipoinamia mfupa aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Ukisikia ameacha kuimba, ujue kuna jambo limeharibika. Mwezi wangu wa pili kazini tulikuwa tunachimba karibu na mapango, tukapata taya la mnyama wa jamii ya pofu, meno yote yamo. Mzee akaniachia nilifunge.

Mfupa wa kale ukiwa ardhini unaonekana mgumu, ukiunyanyua unamong'onyoka kama biskuti iliyoingia chai. Kwa hiyo kabla ya kuuinua tunaufunga hogo, kama hospitali wanavyomfunga mtu aliyevunjika mguu. Unalaza karatasi laini zilizoloweshwa maji juu ya mfupa wote. Kisha unakoroga plasta, ule unga mweupe, unachovya vipande vya gunia la katani, unavilaza juu ya karatasi tabaka kwa tabaka. Plasta ikishika, ndipo unachimba chini na kuinua kila kitu kwa pamoja.

Mimi nilisikia harufu ya wali wa nazi wa mchana, nikaharakisha. Kesho yake tulipofungua lile hogo kule karakana, meno ya mnyama yakabaki kwenye plasta, na taya likabaki mezani bila meno.

Wimbo ukakatika.

"Mwanakombo," Mzee Shemweta akasema, "karatasi iko wapi?"

"Nimesahau, mzee."

Nilitegemea anifukuze. Alikwenda kwenye droo yake akaniletea sindano ya kushonea.

"Toa plasta hiyo, chembe moja moja. Ukimaliza uniite."

Nilianza kabla ya mwezi wa Ramadhani. Idi ikapita, bado nainamia taya lile. Nililia wiki ya kwanza. Ya pili nikakasirika. Ya tatu nikaanza kuona. Niliona jinsi jino linavyokaa katika shimo lake, wapi mfupa una nyuzi na wapi una vitundu, wapi palivunjika tangu zamani na wapi nimepavunja mimi. Nilipomwita, Mzee Shemweta alishika kioo chake cha kukuzia, akatazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye meza yake akiimba. Akasema tu, "Nenda kafunge jingine." Tangu siku hiyo sikusahau karatasi. Nanyi mtaharibu, hilo msiliogope. Kitakachonikasirisha ni mtu akiharibu halafu afiche.

Sasa tembo. Alipatikana mwaka wangu wa mwisho kazini, Mzee Shemweta ameshatangulia mbele ya haki. Ilikuwa katika machimbo ya mawe ya chokaa nje kidogo ya mji. Mwendesha katapila aliona kitu cha kahawia kimechomoza katika ukuta wa mawe, akadhani mzizi wa mti. Akashuka auvute. Haukuvutika. Akapangusa udongo, akaona unazidi kwenda ndani, mnene kama paja lake. Ilikuwa ni pembe.

Kiongozi wetu wakati huo alikuwa Dk. Rehema, binti wa Pangani. Kwa umri ni sawa na mwanangu wa kwanza. Kwa elimu ningehitaji maisha mengine nimfikie. Tulifika naye machimboni pamoja na profesa mgeni, Mzungu mmoja mtu mzima mwenye kofia pana na Kiswahili cha vitabuni. Mwenye machimbo, Bwana Nurali, Mhindi wetu wa Tanga ambaye hata babu yake kazikwa hapa, alitupokea mwenyewe langoni. Siku nne tulifunua mifupa: fuvu, pembe ile moja, mifupa ya miguu, mbavu nyingi, pingili za mgongo. Halafu Bwana Nurali akaja na msimamizi wake, wakatutazama tuko chini ya ukuta ule.

"Dokta," akamwambia Rehema, "mimi nataka mnyama huyu aonekane kuliko mtu yeyote hapa. Lakini ukuta huo ndio unaouzuia ule udongo mwekundu pale juu. Unauona? Vuli imekaribia. Mvua kubwa ya kwanza, unashuka wote. Siwezi kuweka watu chini yake. Nawapa mpaka Ijumaa."

Hakuwa mbaya. Alikuwa anasema kweli, na sote tulikuwa tunautazama ule udongo.

Profesa akasema tuokoe miguu na pembe, fuvu tulikate vipande. Fuvu la tembo, nyinyi mtaliona, ndani limejaa vitundu kama sega la nyuki, likikatwa halirudi. Nikasema, "Profesa, niachieni mimi fuvu." Akamtazama Rehema. Rehema akasema, "Mwache Bi Mwanakombo."

Jumatano asubuhi nikalaza karatasi, nikakoroga ndoo ya kwanza ya plasta, nikachovya gunia, nikalaza. Nikangoja. Plasta hushika upesi, na ikishika inatoa joto, unaisikia kwa kiganja. Hii ilikaa baridi kama uji wa jana. Nikakoroga ndoo ya pili kutoka mfuko mwingine. Hali ile ile. Mifuko yote ilikuwa imekaa stoo masika yote, ikanywa unyevu wa pwani, ikafa. Rehema akapiga simu Dar es Salaam. Akaambiwa mzigo utafika Jumamosi. Akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa mikono yake yenye vumbi.

"Mama, tumeshindwa," akaniambia. Hakuwahi kuniita mama kabla ya hapo.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Shemweta na karai. Miaka mingi nyuma, tukiwa mbali na kila duka, plasta yetu iliwahi kufa hivyo hivyo, naye akaikaanga. Mimi nilidhani mzee amechanganyikiwa. Kumbe plasta iliyokufa imeshiba maji tu; ukiyatoa kwa moto, inafufuka.

Langoni mwa machimbo palikuwa na Mama Agnes, mama lishe, ambaye wazazi wake walikuja zamani kutoka kusini kukata mkonge. Alikuwa na karai kubwa la maandazi na majiko matatu.

"Mama Agnes, niazime karai na majiko yako."

"Unapika nini?"

"Plasta."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Bi Mwanakombo, leo jua limekupata! Njoo unywe maji."

"Nitakunywa. Kwanza koleza moto."

Tulifunga kanga puani na mdomoni kwa ajili ya vumbi lile, tukaanza. Unakoroga kwa mwiko bila kuacha. Ikipata moto, plasta inachemka. Unga mkavu mtupu, na unatokota kama uji, unatoa mvuke! Mama Agnes akarudi nyuma akafanya ishara ya msalaba. Nikamwambia alete kioo chake kidogo cha kujitazamia, nikakishika juu ya karai kama Mzee Shemweta alivyokuwa akifanya. Kioo kikiingia ukungu, maji bado yamo. Tukakoroga. Kioo kikaingia ukungu tena. Tukakoroga mpaka mabega yakawaka. Mwishowe unga ukatulia, nikashika kioo, kikabaki safi. Epua.

Ulipopoa nikachukua kikombe kimoja, nikakoroga na maji, nikakiweka juu ya jiwe. Wote walikuja kutazama: Rehema, profesa, Bwana Nurali, waendesha mashine na kofia zao. Nikahesabu moyoni. Nikagusa kikombe. Kilikuwa cha moto. Nikakipindua, hakikumwagika kitu.

Mama Agnes alipiga kigelegele kilichofika mpaka barabara ya Pangani. Siku ile wafanyakazi walikula mihogo ya kuchoma, maana maandazi hayakuwa na pa kupikiwa, na hakuna aliyelalamika. Wengine walishika mwiko kwa zamu. Mzungu naye alishika. Alikoroga vibaya, lakini alikoroga.

Plasta ya kukaangwa haina nguvu kama mpya, kwa hiyo niliongeza katani. Nilizichambua nyuzi ndefu, nikazichovya, nikazizungusha kulia na kushoto kama anayesuka jamvi, kisha magunia juu yake, kisha mbao za kukaza. Plasta iliyobaki Rehema na profesa waliifungia pembe, miguu, mbavu na pingili, wakaanza kuzipakia. Alhamisi jua likizama fuvu lilikuwa mzigo mweupe mkubwa kama gari dogo. Ijumaa asubuhi tukachimba chini yake, tukapitisha mikanda, kreni ya Bwana Nurali ikashusha ndoano.

Saa ya kuinua, nendeni polepole kuliko mnavyodhani ni polepole. Nililigonga lile hogo kwa kifundo cha kidole, pande zote, nikisikiliza. Likilia kavu, limeshika; likilia bubu, mna uwazi. Lililia kavu. Nikamwonyesha mwendesha kreni kiganja: juu kidogo. Simama. Juu kidogo. Mchanga ulimiminika chini yake kama chumvi, nikasikia profesa anahesabu kwa lugha yake. Fuvu likatoka mahali lilipolala tangu kabla ya watu kuwa na mbegu wala mbwa, likazunguka hewani kidogo, likashuka juu ya matairi tuliyoyapanga kwenye lori. Nikaingiza mkono chini ya mikanda nikapapasa. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

Saa tisa mvua ikaanza. Saa kumi ule ukuta ukashuka wote, kwa kishindo tulichokisikia tukiwa langoni tunakunywa chai. Bwana Nurali akaondoa kofia yake ya plastiki, akasema "Alhamdulillahi" mara tatu.

Mngedhani habari iliishia hapo. Kwangu mimi hapo ndipo ilipoanza. Miezi iliyofuata nilikaa karakana nikisafisha kwa mswaki na sindano. Siku moja nilikuwa na mfupa wa paja mbele yangu, nimeweka taa pembeni, chini, ili mwanga ulale juu ya mfupa. Wekeni taa hivyo siku zote. Taa ya juu huficha kila kitu. Karibu na goti nikaona mistari. Myembamba, mifupi, imepangana. Nikatafuta mingine, nikaipata upande wa ndani wa ubavu.

Nikamwita Rehema na profesa. Profesa alitazama, akasema kwa upole, "Inawezekana wanyama walikanyaga mifupa hii juu ya mchanga. Mchanga huchora. Tusiharakishe."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtaalamu lazima aanze na mashaka. Lakini mimi kwetu Makorora ni watu wa bucha. Baba alikuwa na bucha, kaka yangu Bakari akairithi, na mimi utoto wangu nimeupitisha nikifukuza nzi kwenye nundu za ng'ombe. Mistari ile niliijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Nikasema, "Profesa, mchanga haujui mahali kano inaposhika. Nitamleta mtu."

Bakari alikuja na aproni yake, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakataa kiti. Akauzunguka ule mfupa mara mbili.

"Dada, huyu ni mnyama gani?"

"Tembo wa kale."

"Na nani kamkata?"

Rehema akashika mkono wangu. "Kwani kakatwa, kaka Bakari?"

"Dokta, tazama. Hapa alikuwa anaachanisha goti. Hakuhangaika, kapita mara tatu tu, anajua pa kuingilia. Huyo ni fundi. Lakini njoo kwenye ubavu." Akaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Huyu wa hapa alikuwa anajifunza. Ona alivyopapasa, kata kata kata, akakosa, akarudia. Nina mmoja kama huyu pale bucha sasa hivi."

Profesa akatabasamu, lakini akataka ushahidi zaidi, na sawa kabisa. Rehema akaleta mapande ya mawe makali tuliyoyaokota kwenye udongo wa tembo yule, akamwomba fundi wetu mmoja achonge mengine mapya ya jiwe lile lile. Bakari akaleta mguu wa ng'ombe. Hakuwa amewahi kukata nyama kwa jiwe maishani mwake. Dakika ya kwanza alinung'unika. Dakika ya tano alikuwa ameachanisha goti, amelishika lile jiwe mbele ya macho yake, akiuliza, "Haya yanauzwa wapi?"

Tukauchemsha mfupa wa ng'ombe, tukausafisha, tukauweka chini ya hadubini pamoja na wa tembo. Mikwaruzo ilikuwa ndugu. Kisha mimi nikaona jambo jingine kwenye ule ubavu: tundu la jino la fisi lilikuwa limekaa juu ya mstari wa jiwe, limeukata katikati. Nikamsogezea profesa kiti.

"Fisi alikuja baadaye," nikasema. "Watu walikula kwanza."

Alitazama mpaka chai yangu ikapoa. Alivua ile kofia yake pana, akaiweka mezani, akaninyooshea mkono mimi, kisha Bakari, kisha Rehema. "Nimekubali," akasema. "Nimekubali kwa furaha."

Fisi hamwachii mtu mzoga wenye nyama nzuri. Kama watu wale walitangulia, basi ama walikuwepo alipoanguka, ama wao ndio waliomwangusha. Rehema anaamini walimfukuza hadi kwenye tope akanasa. Mfupa haukutuambia hilo, nami sitawaambia nyinyi kile ambacho mfupa haukusema. Bwana Nurali aliposikia, alikizungushia uzio kile kipande chote cha machimbo, na hakuna katapila iliyopita pale tena.

Tembo tulimsimamisha mwaka uliofuata. Nilikuwa nimestaafu, nikaitwa nikarudi na miwani yangu. Mifupa iliyokosekana tuliifinyanga kwa plasta na katani, na mtaona tumeipaka rangi hafifu tofauti na ile ya kweli. Msije mkaipaka ifanane. Mgeni anayeingia ana haki ya kujua kipi kililala ardhini na kipi kimetoka mikononi mwetu.

Siku ya kufungua ukumbi watu walijaa mpaka nje. Mama Agnes alikaa mstari wa mbele na gauni jipya, akimweleza kila aliye karibu kwamba fuvu lile lilipikwa kwenye karai lake. Baada ya hotuba akaingia Bakari na wauza nyama wenzake wa sokoni, wameoga, wamevaa kanzu safi. Mkubwa wao ni Mzee Hatibu, aliyewahi kufanya kazi na baba yangu, mtu ambaye sasa anatembea kwa mkongojo. Wakampeleka mpaka kwenye ule mfupa wa paja. Akavaa miwani, akafuata ile mistari kwa kidole, hewani, kutoka mmoja hadi mwingine.

"Alianzia hapa," akasema. "Akazunguka. Kano akaiacha ya mwisho. Ndiyo, ndivyo inavyotakiwa."

Akauegemeza mkongojo, akanyoosha mgongo, akausemesha ule mfupa kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Shikamooni, wazee."

Bakari akafuata. "Shikamooni." Kisha wale wengine, mmoja mmoja. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaona wauza nyama hawacheki, nao wakasema shikamooni. Kila mtu akatazama kama kuna atakayejibu. Mikono niliyoijua kuliko yote mle ndani ilikuwa ya wale watu wawili wa kale waliomkata tembo, fundi na mwanafunzi wake, na hapakuwa na mwingine wa kuwasemea. Basi nikaitikia mimi, kwa sauti kubwa:

"Marahaba."